Kamera ya Mjerumani

(Maelezo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)



Wiki iliyopita niliahidi kwamba leo tungeendelea na ile habari ya mitaro ya maji ya mvua. Naomba mniwie radhi. Mitaro itangoja, na kwa jinsi ninavyoifahamu haina haraka. Leo nataka tuzungumze juu ya kamera.

Jumatano usiku nilikuwa nimekaa sebuleni nikingoja taarifa ya habari, mara mlango ukabishwa. Alikuwa mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayenifuata kwa kuzaliwa. Kijana huyu ni dereva wa bodaboda, na kwa kawaida ujio wake hutangazwa na mlio wa pikipiki tangu kule kwenye kona ya duka la dawa. Safari hii alikuja kimya kimya, kwa miguu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye kanga ya mama yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Pikipiki iko wapi?"

"Nimeiuza, mjomba. Lakini usikasirike kwanza. Tazama hiki."

Akaifungua kanga mezani. Ndani yake mlikuwa na kamera ndogo ya rangi ya dhahabu, imevikwa ngozi ya rangi ya damu ya mzee. Juu imeandikwa Leica kwa herufi za mwandiko, na kando yake amechongwa tai aliyeshika kwa kucha ile alama ya Hitler.

"Ni kamera ya Mjerumani," akaniambia kwa sauti ya chini. "Imechimbwa."

Ndugu wasikilizaji, wengi wenu mnaijua habari hii. Tangu Wajerumani wafukuzwe katika nchi yetu wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, imebaki imani kwamba walipokuwa wakikimbia walifukia masanduku ya rupia na dhahabu. Watu wamechimba chini ya mibuyu, wamechimba kando ya maboma ya zamani, na wapo waliochimba usiku kucha mpaka ukuta wa jirani ukapata ufa. Sijapata kuonyeshwa hata sanduku moja. Nimeonyeshwa mashimo.

Kwa maelezo ya huyo aliyemwuzia mpwa wangu, kamera hii ilifukiwa mwaka 1916 na ofisa mmoja wa Kijerumani katika milima ya Usambara, Waingereza wakiwa nyuma yake. Bei yake ni shilingi milioni 7. Kijana alikwisha kutoa milioni mbili na nusu, yaani pikipiki yote. Zilizobaki alitakiwa azipeleke Jumamosi, na dada yangu, mwanamke niliyemjua maisha yake yote kuwa mwangalifu wa senti, alikuwa amekwisha kuomba mkopo kwenye kikundi chake cha vikoba.

Nilipomwuliza ni wazimu gani uliowapata, akatoa simu yake akanisomesha habari. Kamera aina ya Leica, imeuzwa mnadani huko Ujerumani kwa Euro milioni 14.4. Alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Kwa kiwango cha fedha cha wakati ule ni shilingi zetu zipatazo bilioni 35.

"Bilioni thelathini na tano, mjomba. Sisi hata tukipata moja."

Taabu yangu ilianzia hapo, kwa sababu habari ile ni ya kweli. Ingekuwa uongo ningemaliza kazi kwa maneno mawili na kurudi kwenye taarifa yangu ya habari. Mnada huo ulifanyika tarehe 11 Juni 2022 katika mji wa Wetzlar. Bei ilianzia Euro milioni 1. Wenye mnada walitazamia ifike milioni 2, pengine 3. Nyundo ilipogonga ilikuwa milioni 12, na ilipoongezwa ada ya mnada ikawa hiyo 14.4. Hakuna kamera iliyopata kuuzwa kwa bei hiyo kabla yake.

Basi nikamwambia akae chini, nikamwitia chai, nikaanza.

Kule Wetzlar kulikuwa na kiwanda cha Ernst Leitz kilichojulikana kwa kutengeneza hadubini. Humo alifanya kazi fundi mmoja, Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879. Bwana huyu alipenda kupiga picha akitembea milimani, lakini alikuwa na pumu, na kamera za siku zile zilikuwa masanduku ya mbao yenye vioo vizito na miguu mitatu ya kusimamishia. Akawaza, mbona mkanda wa sinema ni mwembamba na mwepesi? Akatengeneza kamera ndogo ya chuma ya kutumia mkanda huo huo, akaulaza na kuongeza ukubwa wa picha mara mbili, ikawa milimita 24 kwa 36. Kipimo hicho ndicho kilichotumika baadaye karibu dunia nzima. Picha yako ya arusi ya mwaka 1985, kama unayo, yaelekea ilitoka katika kipimo cha mgonjwa yule wa pumu.

Kamera ya kwanza ya majaribio ilikuwa tayari kufikia mwaka 1914. Vita vikaja, kazi ikalala. Mwaka 1923 kiwanda kikatengeneza nyingine chache za majaribio, kama dazeni mbili hivi, wakapewa watu wazitumie na kutoa maoni. Mwaka 1924 Leitz mwenyewe akaamua kuibeba hatari ile, wakati hali ya uchumi ya Ujerumani ilikuwa mbaya sana, na mwaka 1925 kamera ikaonyeshwa hadharani kwenye maonyesho ya Leipzig. Jina lake likatokana na Leitz na kamera: Leica.

Zile za majaribio za mwaka 1923 ndizo wakusanyaji wanazozigombania. Mwaka 2011 moja iliuzwa Vienna kwa Euro milioni 1.32. Mwaka uliofuata nyingine ikafika milioni 2.16. Mwaka 2018 ikauzwa ya namba 122 kwa milioni 2.4. Halafu ndiyo ikaja hii ya 2022, yenye namba 105, kwa milioni 14.4.

"Kwa nini hiyo ikapanda hivyo?" akaniuliza mpwa wangu. "Ina dhahabu?"

Haina. Ni chuma cheusi kilichochakaa, rangi imekwanguka pembeni. Namba 105 na namba 122 ni ndugu wa tumbo moja, wamezaliwa mwaka mmoja kwenye meza moja. Lakini juu ya namba 105 limechongwa jina la Oscar Barnack. Ilikuwa kamera yake mwenyewe. Aliitumia kujaribia marekebisho, na aliwapigia picha jamaa zake. Mpwa wangu ana kichwa chepesi cha hesabu. Akahesabu herufi za jina lile kwa vidole, akapata 12. Akatoa 2.4 katika 14.4, akapata 12. Akaniangalia. Kila herufi milioni moja ya Euro!

Nikamwambia, sasa umeanza kunielewa. Wale matajiri hawanunui chuma. Wananunua habari yenye uthibitisho. Kiwanda cha Leitz kilikuwa na desturi ya kuandika vitabuni kila kamera iliyotoka, namba yake, siku iliyotoka na mahali ilikopelekwa, na vitabu hivyo vipo. Ukija na Leica yako mezani, wanatazama namba, wanafungua kitabu. Kitabu kikikukana, umekwisha.

Tena desturi hii si ya Leica peke yake. Mwaka 2014 iliuzwa huko Vienna kamera ya Hasselblad, kwa Euro 660,000, iliyoelezwa kuwa ilitumika mwezini katika safari ya Apollo 15 ya mwaka 1971. Wale wanaanga walikuwa na kawaida ya kuziacha kamera mwezini, wakarudi na filamu peke yake ili wapate nafasi ya kubeba mawe. Kwa hiyo kabla ya mnada wataalamu walibishana, je, hii kweli ilishuka juu ya mwezi au haikushuka? Wauzaji walishikilia kipande kidogo cha kioo kilichomo ndani, chenye namba 38, namba ambayo huonekana ukingoni mwa picha zenyewe. Namba moja ndogo, nayo ndiyo iliyobeba mamia ya maelfu.

Na mwezi Novemba mwaka 2025, Vienna hapo hapo, Leica aliyokuwa amepewa Papa Francis, yenye namba 5,000,000, ilinunuliwa kwa Euro milioni 6.5 kwa ajili ya sadaka. Ni kamera ya juzi tu. Mwenzake dukani ni Euro elfu kadhaa.

"Sawa, mjomba," akasema. "Na hii ya kwetu ina habari pia. Ofisa, 1916, Usambara."

Nikamwomba ailete karibu na taa.

Mwaka 1916 hakukuwa na Leica ya kufukia. Jenerali von Lettow-Vorbeck alisalimu amri Novemba 1918 kule Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia, na kamera hii ilianza kuuzwa mwaka 1925. Na yule tai mwenye alama ya Hitler ni wa utawala ulioanza mwaka 1933. Huyo ofisa angekuwa nabii.

Kijana akakaa kimya kidogo, kisha akanijibu jambo ambalo sikulitegemea. "Lakini mjomba, si ulituambia Wajerumani walirudi kulima mkonge?"

Kweli niliwaambia. Walirudi miaka ya 1920, wakafungua mashamba ya mkonge na kahawa, mpaka vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 wakakamatwa. Hakuna la kuzuia mmoja wao kuja na Leica yake. Nikakiri kwamba ana haki, hoja ya tarehe peke yake haitoshi.

Basi akabonyeza kitufe, kamera ikalia tik, vizuri kabisa. "Sikiliza! Mashine ya Mjerumani, miaka yote hiyo udongoni, na bado inalia!"

Masikini, mlio ule ndio uliokuwa shahidi dhidi yake. Ndani ya kamera hizi kuna kipazia cha kitambaa kilichopakwa mpira, ndicho kinachofunguka na kufunga mwanga. Kifukie Usambara, mahali pa mvua na ukungu, miaka 80 au 100. Utakachofukua ni uji.

Nikaifungua lenzi, kwa kuizungusha kama kifuniko cha chupa. Humo ndani, upande wa juu, kuna mkono mdogo unaogusana na lenzi ili kupima umbali. Katika Leica ya kweli ncha ya mkono ule huwa ni kigurudumu kidogo cha duara. Katika hii ilikuwa kipande cha chuma bapa, kama ulimi. Nikammulikia kwa tochi ya simu yake mwenyewe, akatazama muda mrefu sana kuliko ilivyohitajika.

Ulimi ule ni wa Kirusi, kwa maana ya Urusi ya Kisovieti. Kuanzia mwaka 1934 katika mji wa Kharkiv, Ukraine, kulikuwa na kituo kilicholea watoto yatima na wa mitaani, na watoto wale walifundishwa kazi kwa kutengeneza kamera walizoiga kutoka Leica. Waliziita FED, herufi za kwanza za jina la Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mkuu wa kwanza wa polisi wa siri wa nchi hiyo. Mwaka 1948 zikaja dada zake zinazoitwa Zorki, zilizotengenezwa karibu na Moscow. Zilitoka kwa wingi mno. Dola ya Kisovieti ilipovunjika mwaka 1991, mafundi wa huko waliona soko la watalii. Wakazikwangua majina, wakazipaka rangi ya dhahabu, wakazivika ngozi, wakazichonga Leica, tai, na hata michezo ya Olimpiki ya Berlin. Zimesambaa dunia nzima. Kwa kuwa Leica za dhahabu za kweli ziliwahi kutengenezwa, chache sana, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, mdanganyifu ana mahali pa kuegemea.

Bei yake? Makumi ya dola, pengine mia na kidogo kwa anayeipenda rangi. Si kamera mbaya, lazima niseme. Inapiga picha.

Sasa mtaniuliza nimeyajuaje haya yote. Nimezaliwa studio. Baba yangu, babu yake huyu kijana, alikuwa na studio ya picha Ngamiani, Tanga, tangu kabla ya uhuru mpaka alipofariki mwaka 1989. Hakuwahi kumiliki Leica. Alikuwa na sanduku la mbao la vitambulisho na Yashica ya lenzi mbili aliyoinunua kwa kubana matumizi ya nyumba nzima. Zile kamera za Kirusi aliletewa mara mbili tatu na mabaharia, akatufundisha kuutazama ule ulimi.

Mpwa wangu akauliza swali ambalo limenisumbua tangu siku ile. "Kwa hiyo kamera za huku kwetu hazina bei?"

Nikamtajia Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia hapa Dar es Salaam. Mwaka 1984 alipiga filamu ya njaa ya Korem, Ethiopia, dunia ikashtuka. Mwaka 1991 alipoteza mkono kwa mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akawekewa wa bandia akaendelea na kazi, mpaka alipokufa Novemba 1996 katika ndege iliyotekwa nyara na kuanguka karibu na Komoro. Alianza akiwa mwanafunzi, na Box Brownie ya mkono wa pili. Brownie ya kwanza kabisa, mwaka 1900, iliuzwa dola moja. Nikamwambia, mtu akiitokeza Brownie ile ya Amin, ikiwa na karatasi ya kuthibitisha kuwa ndiyo, mimi naamini hatakosa mnunuzi. Na wale walio na studio ya Ranchhod Oza pale Mji Mkongwe, Zanzibar, iliyofunguliwa mwaka 1930, picha zao za kale zinatafutwa na wageni mpaka leo.

"Na za babu?"

Hapo nikanyamaza. Baba alipofariki tuligombana, mimi na ndugu zangu, juu ya Yashica. Kila mmoja aliona ina thamani. Mwishowe tukaiuza, fedha zikaishia kwenye arobaini. Negativu za miaka zaidi ya 30 zilikuwa kwenye makopo ya biskuti, zimepangwa kwa namba, pamoja na daftari lake kubwa: namba, tarehe, jina, shughuli. Arusi za Chumbageni, mikutano ya bandarini, watoto wa shule. Hazikugombaniwa na mtu. Mwaka 1993 mwenye nyumba alitaka chumba chake, ndugu zangu wakaniuliza, makopo haya tufanyeje? Nikawajibu wachome. Nilikuwa na haraka ya basi la kurudi Dar es Salaam. Negativu huungua upesi, kwa moshi mweusi, na harufu yake haitoki kwenye nguo.

Daftari lilibaki. Dada yangu alilichukua kwa sababu lilikuwa na kurasa tupu mwishoni, akaandikia hesabu zake za upatu. Siku ya Alhamisi alikuja nalo kwangu, alipokuja kusikia kwa masikio yake kwamba ile si kamera ya Mjerumani. Mkopo hakuuchukua, namshukuru Mungu. Tulikaa tukalisoma, namba na majina, na kila namba haina picha.

Mpwa wangu alimpigia simu yule mtu mbele yangu, sauti ikiwa wazi. Alipoambiwa habari ya ulimi, yule bwana hakushtuka hata kidogo. Akasema basi lete milioni mbili tu, kwa kuwa wewe ni mdogo wangu. Alipoambiwa arudishe fedha, simu ikakatika, na tangu hapo haipatikani. Taarifa tumeipeleka polisi. Kijana sasa anaendesha pikipiki ya mtu na kupeleka hesabu kila jioni, yeye aliyekuwa na ya kwake.

Kamera iko mezani kwangu. Nilikuwa na filamu moja iliyokwisha muda wake, nikaitia, na Ijumaa kijana akampiga mama yake picha, ameketi kibarazani, daftari mapajani. Kama itatoka nitawaambieni.

Nawe bwana uliyemwuzia, kama unanisikiliza huko ulipo: mjomba wake anakusalimu, na sauti yako ameikariri.

Wiki ijayo, Mwenyezi Mungu akipenda, mitaro.